Gesi Chini ya Cherehani ya Mama

Bi Vipimo, ndivyo walivyomwita nyumbani, alikuwa na gesi moja kichwani, na yeyote aliyeketi naye mezani alipata habari zake kabla chai haijapoa. Radoni! Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ni ya ukoo wa gesi adimu, zile zisizopenda kujichanganya. Inazaliwa na radiamu iliyomo ndani ya mawe, inapenya nyufa za sakafu, na kwa uzito wake inajikalia chini. Kila siku nne hivi nusu yake inageuka kitu kingine chenye mionzi, na hicho ndicho kinachong'ang'ania mapafu ya watu na kuleta saratani.

Mama yake alikuwa fundi cherehani, na alishonea katika chumba cha chini ya ardhi tangu Bi Vipimo hajaota meno. Sebule ya juu, yenye jua tele, ilikuwa ya wageni. Binti alitaka mama ahamie huko, basi, na ndiyo maana aliazima mashine ya kupimia gesi hiyo kutoka maabara alikofanya kazi. Kesho yake ilipaswa kurudi.

Alianza na chumba cha chini cha jirani, ukuta kwa ukuta; kilikuwa kimejaa radoni. Kwa mama mashine ilisoma safi kama uwanjani.

"Si nilikwambia?" mama alisema, akitunga uzi kwenye sindano. "Warudishie watu mashine yao."

Bi Vipimo alinyong'onyea. Alikwisha kushika waya wa mashine auchomoe alipokumbuka jinsi gesi hiyo ilivyogunduliwa. Watafiti wa zamani walikuwa wakipima mionzi ya madini fulani, na kila mlango ulipofunguliwa vipimo viliyumba. Hawakuitupa mashine. Walijiuliza upepo unapeperusha nini, na hapo ndipo walipoinasa gesi. Bi Vipimo aliuachia waya.

"Mama, nilipoleta mashine ulifanya nini humu?"

"Nilifagia, nikafungua mlango na madirisha. Kitu cha watu kinakuja kwangu, kikute chumba kinanuka mafuta ya cherehani?"

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine nafunga. Vumbi la barabarani likiingia kwenye nguo za wateja, utazifua wewe?"

Bi Vipimo alicheka mpaka akashika mbavu. Kumbe mama alikuwa ameipokea mashine kwa heshima zote, na gesi ikatoka na upepo. Walifunga kila upenyo, wakaiacha peke yake mpaka asubuhi.

Asubuhi namba ilikuwa imeipita hata ya jirani. Bi Vipimo aliruka, akapiga makofi, akazunguka chumba kizima. "Imo, mama! Nilijua imo!" Kisha macho yake yakatua kwenye kiti cha cherehani, mto wake umebonyea kwa makalio ya miaka na miaka, na mikono ikamshuka. Aliona aibu kwa furaha yake, na aliogopa.

Mama aliitazama namba. "Kwa hiyo siku zote ninapofunga..."

"Ndiyo, mama."

Mama alikunja kitambaa alichokuwa akikishona, akakiweka begani, akainama kuishika cherehani upande mmoja. "Shika huko. Taratibu kwenye ngazi."

"Na wageni wakija?"

"Watabanana," mama alisema. "Mashine nimeifungulia madirisha siku ile ile ya kwanza. Mwenyewe nimejifungia miaka yote hii."