Wifi na Gari Lililogoma

Wifi yake alipopiga simu, Bi Nyaya alikuwa amelala chali chini ya lori la watu, tochi mdomoni, mikono yote miwili imejaa grisi. Aliiacha iite mpaka ikakata. Ikaita tena. Akaitema tochi, akapokea kwa kidole kidogo.

"Wifi yangu jamani, umepotea!" Sauti ilikuwa tamu, utadhani walikuwa wakitembeleana kila wiki. "Gari limegoma. Mafundi wamekuja, wamekwenda, kila mmoja ana lake. Na mama kesho ana kliniki. Nikajiambia, mbona tuna mtu wetu?"

Mtu wetu! Bi Nyaya alijiona kama mtu aliyeuma kijiwe.

"Nakuja," akasema.

Alijua kwa nini amekubali haraka hivyo. Alitaka kuliona gari limekufa mbele ya wifi yake. Alitaka autafute ugonjwa mpaka aupate, kisha afunge sanduku lake la vifaa, aage kwa adabu, aondoke nao kifuani.

Jina hilo la Bi Nyaya alipewa na mumewe. Mume alikuwa mnyoosha bodi, mke fundi umeme wa magari, na hilo gari la bluu walilitoa kwenye majani nyuma ya gereji, kuku wametagia kiti cha nyuma. Mume aligonga mabati na kupiga rangi. Mke alitandaza nyaya zote upya, kutoka taa za mbele hadi za nyuma, jioni baada ya jioni, wakigombana na kutaniana. Siku lilipowaka, mwanamume mzima alitokwa na machozi, akasingizia moshi.

Kisha kifua kikamchukua, ghafla. Udongo wa kaburi haujakauka, wifi akaja na kundi la ndugu, akanyoosha kiganja apewe funguo.

"Gari ni la kaka yetu."

"Nyaya zake nimetandaza mimi," Bi Nyaya alisema.

"Wewe ulikuwa unamshikia bisibisi tu, wifi. Tusidanganyane."

Mama mkwe alikuwepo, amekaa kwenye kochi, anatazama kucha zake. Hakufungua mdomo. Tangu hapo, Bi Nyaya akiliona lile gari linakuja barabarani, alikuwa akigeukia ukutani hadi lipite.

Sasa lilikuwa limesimama uani kwa wifi, vumbi juu hadi chini, kibonyeo ubavuni ambacho marehemu asingekiacha hata siku moja. Wifi alitoka na kanga begani na simu mkononi.

"Ukizungusha funguo, taa za dashibodi zinawaka vizuri, halafu kimya," akasema. "Wa kwanza kasema betri, nikanunua mpya. Wa pili kasema stata."

"Nipe funguo."

Akafungua boneti. Akaweka mita kwenye betri: nzima. Akawasha taa kubwa, akamwambia wifi azungushe funguo huku yeye akizitazama. Hazikufifia hata kidogo. Kama stata, ile mota ya kuamsha injini, ingekuwa inavuta umeme ikashindwa kuzunguka, taa zingelegea. Hapa umeme haukuwa ukifika kabisa.

"Zungusha tena. Shikilia hapo hapo."

Akainama, akagusisha taa yake ya kupimia kwenye ule waya mwembamba unaoiamuru stata. Giza. Akachukua kipande cha waya, akahakikisha gia iko huru, akapeleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye stata. Injini ikajizungusha kwa nguvu, wifi akaruka na kushika kifua.

"Limepona?"

"Bado. Stata yako haina kosa. Kosa liko kati ya funguo na hapa."

Akajipenyeza chini ya usukani, miguu nje, kichwa ndani. Kumbe huko kulikuwa na maajabu. Nyaya zake, alizozifunga mafungu mafungu kama mtu anayesuka nywele za bintiye, zilikuwa zimekwanyuliwa. Mtu alikuwa ameunga redio kubwa, ya kutikisa mtaa, juu ya waya wa swichi ya funguo, bila fyuzi, kwa selotepu ya karatasi. Waya umepata moto, ganda limeyeyuka, shaba imekatika. Akaushika ule mwisho mweusi kati ya vidole viwili. Ugonjwa ndio huu. Funga sanduku, mama, nenda zako.

Akiwa bado kalala pale, akamsikia wifi anaongea kwenye simu, anacheka.

"Aa, nipo tu shoga yangu. Kuna fundi hapa ananitengenezea gari. Nani? Fundi tu, mwanamke mmoja hivi."

Damu ikampanda Bi Nyaya kichwani, masikio yakavuma. Hata wifi hakuitwa. Hata mjane wa kaka. Kisha akabadilisha nia.

Akaikata redio yote, akaitoa. Akaunga waya mpya, mnene, akaufunika vizuri, akaupa fyuzi yake. Hakuwahi kufanya kazi kwa utulivu kama ule. Akaketi kwenye kiti, akazungusha funguo, na gari likaitika mara moja.

"Mikono ya dhahabu!" Wifi alipiga makofi. "Haya, zima, njoo unawe."

"Kwanza nilizungushe kidogo, nione kama linachaji."

"Usichelewe basi, nina safari."

Bi Nyaya akalitoa nje ya geti. Akashusha kioo, akampa wifi ile redio mkononi, na mikia yake ya nyaya ikining'inia.

"Hii ni yako. Gari ni langu. Mwambie yule shoga yako kwamba fundi amelichukua."

Akaondoka. Kwenye kioo alimwona wifi akikimbia na kandambili moja, redio kaikumbatia kama mtoto mchanga, na akacheka hadi akalazimika kusimama pembeni. Huko pembeni akalia pia, akiwa ameegemeza paji kwenye usukani. Kisha akafuta uso, akaenda kuliosha gari.

Wifi hakukawia, alikwenda polisi. Askari wa zamu alimuuliza gari ni la nani.

"La kaka yangu."

"Yuko wapi?"

"Alifariki."

"Aliacha mke?"

Wifi akakohoa. "Ndiye mwizi mwenyewe."

Askari alicheka, akamwita mwenzake aje asikie na yeye. Habari ikatoka kituoni ikazunguka mtaa mzima kabla wifi hajafika kwake.

Jioni simu ya Bi Nyaya ikaita. Alikuwa mama mkwe, sauti chini. "Mwanangu, kesho nina kliniki."

"Nitakupitia, mama. Wewe peke yako."

Asubuhi alisimama nje ya geti, injini inanguruma. Mama mkwe alikuja akijikongoja, akaketi mbele. Nyuma yake wifi, amejipamba, mkoba kwapani, kashika kitasa cha mlango wa nyuma. Mlango haukufunguka.

"Wifi, fungua, namsindikiza mama."

Bi Nyaya akashusha kioo upana wa kidole. "Nimejaa," akasema, na kiti cha nyuma kitupu kabisa.

Wakafika barabara ya lami. Mama mkwe alikuwa anakunjakunja ncha ya mtandio wake.

"Siku ile ya funguo nilipaswa kusema neno," akaanza.

"Ulipaswa, mama."

Hakumwambia yamepita. Alimngoja kliniki mpaka akamaliza, akambebea dawa zake, akamrudisha hadi getini, akamfungulia mlango. Ndani hakuingia.