Jagi la Maji kwenye Kioo cha Mukalay

Katika Kolwezi nzima nina rafiki mmoja tu, Mukalay, na Jumamosi ile niliamka mapema nikaenda kumkamata.

Msinishangae. Miaka thelathini na moja nilikagua tiketi kwenye treni, kutoka Kolwezi hadi Lubudi na kurudi. Mtu akikupa tiketi huku anatabasamu sana, isome mara mbili. Ukiishi hivyo miaka yote, kustaafu hakukubadilishi. Namshuku muuza mkate, namshuku padri akihubiri kwa kifupi, na mke wangu Kabedi husema siku ya kufa nitamdai malaika vitambulisho.

Sisi wazee wenye magari ya zamani tuna klabu yetu, Usukani Kushoto. Kila mwaka mvua zikikaribia tunayapanga magari uwanja wa mpira, watu wanakuja kuyaona, kisha tunazunguka nayo mjini. Huku kwetu tunapita kulia mwa barabara, lakini magari mengi hutoka Japani kupitia Zambia, usukani ukiwa kulia. Mafundi wanakata, wanachomelea, wanauhamishia kushoto, na gari linauzwa kana kwamba lilizaliwa hivyo. Mimi ndiye niliyeleta sheria: gari lililogeuzwa haliingii klabuni. Wote waliunga mkono isipokuwa rais wetu, Mukalay. Alisema gari ni gari, tusianze kufunuana nguo. Maneno hayo niliyaweka moyoni.

Kwa nini apinge, kama hana anachoficha? Nikaanza kumchunguza. Cressida yake ya buluu haitoki mvua ikinyesha. Mara betri, mara tairi, mara eti ana usingizi. Jumapili za mvua anaomba lifti, nami nampeleka misani katika Corolla yangu nyeupe, yeye mbele kando yangu, Kabedi nyuma, miaka tisa sasa. Corolla yangu haina maswali. Shemeji aliniletea kutoka Lubumbashi pamoja na karatasi yenye mihuri minne. Uzee ni wangu mimi: masika yakifika shingo inakakamaa, na Kabedi hunichua kwa mafuta ya mchaichai.

Wiki moja kabla ya maonyesho nilipita kwa fundi Mechack, mwenye karakana njia ya Mutoshi, nikamuuliza gari lililogeuzwa hujulikanaje. Alicheka. Usukani unahamishwa, pedali zinahamishwa, lakini waipa za kioo cha mbele hakuna anayezigusa, maana ni kazi nyingi na mnunuzi hazitazami. Basi zinaendelea kumfutia dereva wa zamani, kule kulia. Yule aliyehamia kushoto anaachiwa kona chafu mbele ya macho. Nilirudi nyumbani nimefurahi kuliko inavyofaa.

Na niseme ukweli wote. Mwaka ule sisi watu wenye asili ya Kasai tulipofukuzwa Katanga, tukawa tunalala stesheni na watoto tukingoja treni, Mukalay, ambaye ni mtu wa hapahapa Katanga, alituletea bukari, ugali wa huku, kila jioni. Akachukua ufunguo wa nyumba yangu, akailinda mpaka niliporudi. Nililikumbuka hilo asubuhi ile nikifunga vifungo vya shati. Nikajiambia kwamba hata mdogo wangu wa tumbo moja nilimshusha Lubudi alipokosa tiketi.

Uwanjani tulikuwa magari ishirini na matatu, yameng'arishwa, vumbi linayarudia. Mama Yolande, mwanachama wetu wa Lubudi, alikuwa amekuja na Peugeot yake, na watu walikuwa wamemzunguka. Niliomba jagi la maji kwa mama muuza vinywaji, nikaenda moja kwa moja kwenye Cressida. Mukalay alikuwa ameketi ndani na beji yake ya urais kifuani. Alinipokea kwa tabasamu pana, nami nikazidi kuamini.

"Président, washa essuie-glaces," nikamwambia, watu wakisikia. "Paka mara moja tu."

Akawasha waipa, nami nikamwaga maji juu ya vumbi. Waipa zikainuka kuelekea kulia. Mbele ya kiti kitupu kioo kilitakata, na mbele ya usukani ikabaki pembetatu ya tope. Nikaeleza kwa sauti yangu ya kazi, polepole, ili hata wa nyuma waelewe. Watu wakaguna.

Mukalay hakubisha. Alishuka, akafungua beji, akanibandikia mimi kifuani kwa mikono yake mwenyewe.

"Ni kweli, baliigeuza. Niliyua," alisema. Halafu akanisogelea sikioni. "Tata Tshimanga, angaria mawingu kule Nzilo. Mvula inakuya. Urudie ku nyumba mbele ya kunyesha."

Nikaona anageuza maneno, kama wale abiria wanaokuuliza habari za watoto ukiwadai tiketi. Nikamjibu kwamba mvua haijawahi kumfanya mtu mwongo. Aliitikia kwa kichwa, akaingia garini, akaondoka peke yake. Kabedi akatoka kwenye umati, akaketi mbele kando yangu, akauweka mkoba wake magotini.

Nikaongoza msafara, honi zikilia nyuma yangu. Tulikuwa hatujafika mbali mvua ikatukuta, ile ya kwanza ya mwaka, nzito, imechanganyika na vumbi. Nikawasha waipa.

Zikainuka kuelekea kulia. Mbele ya Kabedi kioo kilitakata. Mbele yangu ikabaki pembetatu ya tope, na shingo yangu, bila kuniuliza, ikainama kuitafuta barabara, kama ilivyoinama miaka tisa.

Nikazizima haraka.

"Juu ya nini unazima?" Kabedi akauliza. "Hatuone njia."

Nilikuwa naona kiti alichokalia, kiti cha Mukalay cha Jumapili za mvua. Miaka tisa alikaa pale, kioo safi mbele yake, mimi nimepinda shingo kando yake, na hakusema kitu. Sheria yangu aliipinga kwa ajili yangu. Nilipomvua nguo mbele ya watu, alichofikiria ni kunihimiza niwahi nyumbani kabla hawajaniona. Aibu ilinipanda mpaka masikioni, na sioni haya kusema kwamba nililia.

Nikaziwasha tena, wa nyuma waone wanavyotaka. Nikauacha msafara, nikakata kona kwenda kwa Mukalay.

Niliingia uani, nikaelekeza pua ya gari mlangoni kwake. Nikazima injini, waipa nikaziacha zinafuta, kulia, kulia, na nikaketi palepale na beji yake mkononi. Alitoka na mwavuli. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno mengi, likatoka moja tu, nisamehe, na hata hilo sina hakika kama alilisikia kwa kelele ya mvua.

Kioo hakukitazama kabisa. Aliinama dirishani kwangu, mwavuli ukanifunika mimi, yeye mgongo ukalowa.

"Zimisha, tata," akasema. "Batterie itakufa."