Meza ya Watu Kumi

Zamani nilikuwa naitwa kurefusha meza. Siku hizi, seremala mzima, naitwa kuzikata. Juzi mama mmoja mjane aliniagiza nimkatie yake ya watu kumi, maana anahamia chumba kimoja. Wanawe wote wameshahama, kila mmoja ana kwake. Roho iliniuma, mbao ile haikuwa na hata ufa! Nikaikata huku nabwata, ikabaki kipande cha kutosha sahani mbili.

"Nikuachie kiti kimoja, mama?"

"Viwili."

"Cha pili cha nani, na unakaa peke yako?"

Akatoa simu, akaiegemeza vizuri juu ya kile kiti cha pili.

"Cha wanangu. Siku hizi wote wanakaa humu."