Akidi ya Mwenyekiti Laurian

Jumanne saa tatu asubuhi, Mwenyekiti Laurian aliingia kwenye kibanda cha Aneth, jirani na duka la dawa za kuku mjini Singida, akaibwaga laptop ya kijiji mezani. Aneth alikuwa anabandika kioo cha simu. Hakusimama wala hakumpa shikamoo. Kwa Wanyaturu, binti wa miaka ishirini na minane kumnyima shikamoo mtu wa miaka sitini ni sawa na kumtemea mate miguuni. Laurian alielewa hivyo hivyo, akajivutia kiti mwenyewe.

"Inachukua dakika ishirini kuwaka," alisema. "Ifanye iwe na kasi. Nisingekuja kwako, ila yule fundi mwingine kaenda Dodoma."

"Na mimi nisingeipokea," Aneth akajibu, "ila nakula kwa kazi."

Miaka mitatu nyuma, shamba la alizeti la baba yake Aneth, ng'ambo ya Mungaa, lilipewa Derick, shemeji yake Laurian, ajenge mashine ya kukamua mafuta. Mashine haikujengwa. Derick alichungia ng'ombe humo. Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ulisema wanakijiji themanini na watatu waliridhia, na mwenye shamba, Ezekieli, akiwamo. Ezekieli alikuwa amezikwa mwaka mmoja kabla ya mkutano huo. Aneth na mama yake, Ritha, walilalamika kila palipokuwa na mlango, wakajibiwa kwamba muhuri ni muhuri.

Aneth aliigeuza laptop, akafungua skrubu kumi na moja, akapuliza vumbi jekundu lililojaa kwenye feni. Alichomoa diski ya zamani, ile inayozunguka, ambayo kwa miaka yote ilikoroma kama mwenye pumu, akahamishia kila kilichokuwamo kwenye diski mpya isiyozunguka. Kisha akatoa RAM ya gigabaiti mbili, akachomeka ya nane. Ilikaa mahali pake kwa mlio mdogo.

"Hii ndiyo kumbukumbu," alisema, kwa kuwa mteja huelezwa hata kama humpendi. "Ile ilikuwa ndogo. Mashine ilikuwa inasahau hiki ili ishike kile."

"Sasa haitasahau?"

"Sasa ina nafasi."

Laptop iliwaka kwa sekunde tisa. Laurian akaivuta kwake, akafungua mihtasari aone kama hakuna kilichopotea. Alikuwa katikati ya orodha ya majina ya waliohudhuria pale bibi mmoja alipopiga hodi, kitenge chake kikiwa na udongo mbichi ingawa mvua ilikuwa haijanyesha tangu Aprili.

"Hapa ndipo ilipo kompyuta ya kijiji?"

Alikuwa Theodora, aliyekufa kwa malaria mwaka wa njaa. Aneth alisimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimeitwa kwa jina."

Akapewa ndoo akalie. Baada yake akaja Bonifasi aliyekanyagwa na maksai, kisha Gaspari wa kwaya, kisha wengine wawili wawili, kila mmoja akiuliza kompyuta ya kijiji iko wapi. Kufikia saa sita walikuwa thelathini. Mwenye duka la dawa za kuku aliazima mabenchi mawili, akalalamika kwamba wateja wake wanakosa pa kupita. Aneth hakuona ajabu. Gigabaiti mbili hazikutosha kubeba watu wote walioandikwa mle ndani. Nane zilitosha.

Ezekieli alifika wa mwisho, kwa sababu alipokuwa hai pia hakuweza kumpita mtu njiani bila kumsalimia. Alivaa koti walilomzika nalo. Aliitikia shikamoo ya binti yake, akauliza habari za mama, za uwele, za mbuzi. Halafu akaomba aonyeshwe sahihi yake.

Ezekieli hakuwahi kushika kalamu. Maisha yake yote alitia dole gumba. Aliikodolea ile sahihi kwenye kioo, ndefu, yenye mkia uliojikunja.

"Mwandiko mzuri," alisema. "Ningependa kumjua aliyeandika."

Wote thelathini na mmoja wakamgeukia Laurian.

"Mnanitazama nini?" Laurian akafoka. "Majina yenu yamo."

"Tulikuwa tumekufa," Theodora akasema.

"Nani alileta taarifa ofisini? Daftari langu halikuwa na taarifa."

"Basi tufute."

"Muhtasari wenye muhuri haufutwi."

Aneth alichapa ile orodha, akafunga kibanda, akawaongoza marehemu hadi ofisi moja ya ardhi aliyowahi kwenda mara nne. Ofisa akawasikiliza wote kwa utulivu, kisha akaomba vitambulisho. Havikuwapo. Akaeleza kwamba marehemu hana haki ya kulalamika.

"Ila ana haki ya kuridhia?" Aneth akauliza.

"Hilo lilishapita, dada. Tusirudi nyuma."

Walimkuta Laurian bado amekaa mlangoni pa kibanda, uso umemvimba kwa hasira.

"Toa hiyo kumbukumbu," alimwambia Aneth. "Rudisha ya zamani."

"Sitoi. Toa mwenyewe."

Aneth akafungua kibanda, Laurian akachukua bisibisi mezani. Akaipindua laptop, akafungua skrubu ya kwanza, akainua macho kuwatazama waliojipanga kwenye mabenchi. Mkono ukasita. Akaanza kuwahesabu kwa ncha ya bisibisi. Tangu shamba lile litolewe, walio hai walisusia mikutano yake, na kwa miaka mitatu hakuwahi kupata akidi, idadi ya watu inayotosha kuhalalisha mkutano. Alihesabu tena. Kisha akairudishia skrubu, akaikaza vizuri.

"Iko sawa," alisema. "Pandeni gari."

Marehemu walipanda nyuma ya pikapu aliyoikodi, mmoja mmoja, wakisaidiana. Aneth alimshika baba yake mkono wa koti.

"Baba, baki. Twende nyumbani kwa mama."

"Nitakwenda kwake," Ezekieli alisema. "Lakini jina langu liko kule, mwanangu. Niachie."

Jumamosi ukaitishwa mkutano mkuu. Ajenda ilikuwa moja: kumpanulia Derick njia ya ng'ombe, ipite kwenye ekari mbili zilizobaki za Ritha, nyuma ya nyumba. Walio hai walisimama mbali, juu ya mawe, mikono kifuani. Marehemu walikaa mbele. Laurian akatangaza kwamba akidi imetimia, akauliza wanaoridhia.

Mikono thelathini ikapanda. Waliandikwa kuwa watu wanaoridhia, na hawakuwa na mikono mingine. Ezekieli aliukamata mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akaubana gotini mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Wa kulia ulipanda, ukaubeba na wa kushoto. Laurian akamhesabu mara mbili.

"Huyo nilimvika koti mwenyewe!" Ritha alipiga kelele kutoka kwenye mawe. "Nilimfukia mwenyewe, Laurian! Mbwa wewe!"

"Mama, heshimu mkutano," Laurian alisema bila kuinua uso, akaendelea kuandika.

Jumatatu Derick alituma salamu kwamba ng'ombe wake watapita Jumatano, na kwamba ua wa minyaa ukiwepo bado, atamtoza Ritha gharama za kuung'oa. Aneth alifunga kibanda, akaja nyumbani kwa mama yake na panga, waukate wenyewe. Ezekieli alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kigoda kando ya jiko, chai mbele yake haijaguswa. Ritha hakuwa amesema naye tangu Jumamosi.

"Uliinua mikono miwili," hatimaye alimwambia.

"Iliinuka."

Nje ng'ombe wa Derick walikuwa wanalia. Ritha akachukua panga la pili ukutani, akampa.

"Haya, anza upande ule," alisema. "Angalia utomvu usikuingie machoni."