Mama Apiga Hodi Makumbusho

Kila Jumamosi asubuhi huloweka makoti yangu mawili meupe ya maabara, hubandika chai, kisha humpigia Gikunda simu kabla hajaingia kazini. Huzungumza mpaka chai ichemke. Huwa ni mambo madogo tu: nani ameota nini, nani alilala njaa kwa uvivu wa kupika. Jumamosi ile hakuuliza habari ya ndoto.

"Wazee wangu wanauliza tutakuja kwenu lini," alisema. "Ruguru, inakaribia mwaka sasa. Umemwambia mama yako?"

"Nitamwambia."

"Ulisema hivyo Krismasi. Mimi sijaiba kitu cha mtu, mbona ninafichwa?"

Mara mlango ukagongwa. Niliufungua, simu ikiwa bado sikioni. Kizingitini alisimama mama yangu, amevaa suti yake ya Jumapili, kiondo kilichojaa kikining'inia mgongoni.

"Unaongea na nani asubuhi hii?"

"Watu wa kazi," nikasema, nikakata simu.

Mama hajawahi kuja Meru bila kutangaza wiki nzima. Alikuwa ametoka Kianjokoma, huko kwetu Embu, kabla jua halijachomoza, na hakuonekana hata kuchoka.

"Nimekuja kutalii," alisema, akilitamka neno hilo kama mtu anayejaribu kofia mpya. "Akina mama wa kanisa walikuja huku nikiwa nauguza goti. Tangu warudi, hata tukichuma majani chai ni makumbusho tu, makumbusho tu. Mama Njiru anasema nyoka alimwangalia machoni. Leo na mimi nitaangaliwa."

Nilicheka mpaka nikamkumbatia. Aliketi kitandani, akavua viatu, akasema kana kwamba ni jambo la kupita, "Halafu, mke wa shemasi ameuliza kama Mutugi wake anaweza kuja kukuona. Kijana hanywi, ana ng'ombe wa maziwa, na ni hapo tu ng'ambo ya mto. Nimeahidi kumjibu kesho baada ya ibada. Unasemaje?"

Chai ilifurika. Nilikimbilia jiko, na hiyo ikawa sababu ya kutojibu.

Mimi niko hivyo. Maneno ya kazi huyasema vizuri, lakini neno la moyoni hunikwama kooni kama nduma isiyo na chai. Na hili lilikuwa zito. Tangu baba afariki, mama amekuwa akiniambia kwamba siku moja nitapata kazi karibu naye na kurudi nyumbani. Gikunda ni wa Mikinduri, huku huku Meru. Kumwambia mama kuhusu Gikunda kulikuwa kumwambia sitarudi. Na Gikunda ndiye anayewatembeza wageni katika makumbusho yale yale mama aliyotaka kuyaona.

Nilijifungia bafuni nikamwandikia: *Mama yuko hapa, anataka makumbusho. Tafadhali, leo hunijui.*

Jibu lilichelewa. *Sawa, mgeni wetu.* Hakuweka hata kile kicheko chake cha kila siku.

Tulitembea kwa miguu. Mama alisalimia watu njiani kana kwamba ameingia soko la kwao. Tulipofika kwenye lile jengo la mawe la enzi za ukoloni, Lydiah, dada wa tikiti, aliinua kichwa na kufurahi.

"Ruguru! Karibu tena!"

"Tena?" mama akauliza.

"Nilikuja na wenzangu wa kazi," nikasema. Lydiah akaelewa, akainama kutafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake.

Gikunda akatokea, sweta yake ya kijani imepigwa pasi. "Karibuni sana. Naitwa Gikunda. Mmetoka mbali?" Alinipa mkono kama anayemsalimia mkaguzi wa shule.

Ndani mama alifurahi kuliko watoto. Alisimama mbele ya ndege waliokaushwa, akamnyooshea mmoja kidole. "Wewe! Tulikuwa tunakufukuza kwenye mtama kwa mawe, kumbe wenzako wanajengewa jumba!" Alitaka kupigwa picha na kila kitu. Kwa nyoka alisubiri kwa heshima, lakini nyoka alikuwa amejikunja, usingizi mtupu.

"Amenipa kisogo," mama alisema. "Kijana, Mama Njiru asisikie haya."

"Nitamwambia alikukonyeza, Mama," Gikunda akajibu, na mama akacheka huku akijipiga paja. Nilitamani kucheka pamoja nao. Niliangalia ukuta.

Nyuma ya jengo kuna boma lililojengwa jinsi Wameru walivyojenga zamani, nyumba za miti na paa za nyasi. Mimi na Gikunda tulikuwa tumeanza kuingia mama aliposimama kwenye lango.

"Hodi!" akaita.

"Mama, hapaishi mtu," nikamwambia. "Ni ya kuonyesha tu."

"Nyumba ina mlango na ina mafiga. Mimi siingii kwa watu kama mbuzi. Hodi hapa!"

Gikunda aliniangalia kwa mara ya kwanza siku hiyo, pembe ya mdomo ikimtetemeka. Kisha akakimbia, akainama kwenye mlango mfupi, na sauti yake ikatoka gizani: "Karibu, Mama! Karibu ndani!"

Mama akaingia kwa furaha. Alishusha kiondo alichokuwa amekataa kukiacha kwa Lydiah, akakisukuma miguuni pa Gikunda. Kilikuwa na nduma, ndizi mbivu na maparachichi.

"Sijazoea kuingia bomani mwa watu mikono mitupu. Vilikuwa vya huyu msichana, lakini yeye nitamnunulia sokoni Gakoromone."

"Mama, yeye yuko kazini tu," nikanong'ona.

"Si ameitikia hodi? Anayeitikia ndiye mwenyeji."

Gikunda alikipokea kiondo kwa mikono miwili. "Asante sana, Mama. Nipe dakika kidogo." Akatoka nacho.

Tuliketi kwenye vigoda. Mama alipapasa ukuta, akanusa moshi wa zamani. "Ana adabu huyu. Mwingine angenicheka. Ni wa wapi?"

"Mikinduri," nikasema, kisha nikauma ulimi.

"Amekwambia saa ngapi?"

"Nadhani... alisema pale mlangoni."

Mama alinitazama, kisha akautazama mlango alikotokea Gikunda.

Gikunda alirudi akihema. Kila mtu huku kwetu anajua kwamba kiondo hakirudi kwa mwenyewe kikiwa kitupu, na yeye alilelewa vizuri. Mama aliingiza mkono, akatoa chupa ya asali nyeusi, nzito.

"Ni ya mizinga ya baba," Gikunda alisema. "Nilikuwa nayo kabatini, sikuwa na kingine."

Niliijua chupa ile. Alikuwa ameiweka kwa ajili yangu.

Mama aliigeuza kwenye mwanga wa mlango. "Asali," akasema polepole. "Mwanangu, ungenirudishia hata kabeji. Kwetu, na hata kwenu, kijana akimpa mama wa msichana asali, basi kuna kitu amekiona bomani mwake."

Uso wa Gikunda ulibadilika. Ni mtu anayewaeleza wageni mila hizi kutwa nzima, na haraka ya kuwa na adabu ilikuwa imemsahaulisha. Aliniangalia, akaangalia chini.

"Samahani, Mama. Sikufikiria. Ni shukrani tu. Mimi... mimi simjui mtu hapa."

Alisema kama nilivyomwomba. Lakini sauti yake ilikuwa ndogo, yeye ambaye husikika na darasa zima la wanafunzi bila kipaza sauti. Nilimwona akijikunja kwa ajili yangu ndani ya ile sweta ya kijani.

"Ananijua," nikasema.

"Sisikii," mama akasema.

"Mama, ananijua mimi."

"Ruguru, hizi nyasi zinameza sauti. Simama useme kama mtu mwenye mdomo." Lakini macho yake yalikuwa yameshaanza kucheka, na chupa ameikumbatia kama mtu asiye na nia ya kuirudisha.

Nilisimama haraka, nikagonga kichwa kwenye mti wa paa. Vumbi la nyasi likaniangukia. Mama aliangua kicheko, Gikunda akacheka huku akiniuliza kama nimeumia, na mimi nikacheka pia, mkono kichwani, machozi yakinitoka. Na katikati ya kicheko hicho koo langu likafunguka.

"Mama, huyu ni Gikunda, na mimi ndiye niliyemwomba ajifanye hanijui. Mwambie mke wa shemasi hapana, Mutugi atapata msichana mwema. Mimi nampenda huyu. Nataka anioe, nikaishi kwao, na sitakuwa nimekuacha."