Pampu Iliyofunguliwa kwa Ajili ya Mgeni

Kuwa injinia ni jambo jepesi kabisa. Unasoma hisabati mpaka ndugu zako wanaanza kukuogopa, unaingia chuo, unakaa miaka minne ukichora mashine ambazo hujawahi kuzigusa, na katikati ya hapo, kwa wiki nane tu, chuo kinakutuma mahali penye mashine za kweli ili nazo zikuone. Wiki hizo nane huitwa mafunzo kwa vitendo. Vitendo vyenyewe unajitafutia.

Msichana tunayemzungumzia alitumwa kwenye kituo cha kusukuma maji cha mji wao. Alifika siku ya kwanza akiwa na buti mpya zilizomchubua visigino, kofia ngumu nyeupe, na daftari la mafunzo la kujazwa kila jioni. Injinia wa kituo akampokea kwa bashasha, akamwonyesha kiti, kisha akamwonyesha mashine ya fotokopi.

"Huu ndio moyo wa kituo," akasema, na wala hakuwa anatania.

Kufika Ijumaa mafundi walikuwa wameshambatiza Fotokopi, na jina likamkaa vizuri kuliko zile buti.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mama yake alikuwa ameshajiandika kwenye simu kwa jina la Mama Injinia, na kila jioni alimngoja mlangoni, mwiko mkononi, kupokea habari za uhandisi.

"Leo umetengeneza nini, mwanangu?"

"Leo tulikuwa na ripoti, mama."

"Ripoti ya pampu?"

"Eeh, mama. Inahusu pampu."

Haikuhusu pampu. Ilihusu idadi ya viti vya ofisini, nakala sita. Lakini mama alirudi jikoni akiimba, na Fotokopi hakuwa na roho ya kumkatiza.

Kilichomwokoa ni saa ya chakula. Injinia alikula kwa muda mrefu, maana majukumu yake yalikuwa mazito na yalihitaji kushibiwa, na muda huo Fotokopi aliutumia kushuka ngazi za chuma hadi kwenye shimo la pampu. Huko ndiko alikokaa Mama Spana, fundi mkuu wa kituo. Nasema fundi mkuu kwa sababu kila kitu kikiharibika aliitwa yeye. Kwenye karatasi cheo chake kilikuwa "mhudumu". Aliajiriwa kufagia. Akafagia karibu na mashine mpaka akazijua, na sasa huo ulikuwa mwaka wake wa ishirini na sita, bila cheti hata kimoja. Alikuwa na sauti ya kukwaruza na hakuwa na subira na mtu anayesema "kinadharia".

"Weka mkono hapa," alimwambia Fotokopi siku ya kwanza, akimbandika kiganja juu ya nyumba ya beringi, pale mhimili wa pampu unapozungukia. "Unasikia nini?"

"Inatetemeka, mama."

"Kila kinachozunguka kinatetemeka. Nakuuliza inatetemeka vipi."

Fotokopi hakujua kwamba kutetemeka kuna vipi. Chuoni walipewa hesabu ya mtetemo iliyojaza ubao mzima, akaikariri na kuifaulu, lakini hakuna aliyewahi kumwambia aguse. Kwa wiki saba, saa moja kila siku, alijifunza kwa viganja na kwa masikio. Alipasuka kucha, akajua harufu ya grisi iliyoungua, akajua kufungua boliti iliyokataa bila kuivunja shingo. Kisha alikimbilia juu kunawa kabla injinia hajarejea, na kwenye daftari akaandika alichoelekezwa kuandika: "Nimeshiriki kikamilifu katika shughuli za kiofisi." Hilo lilikuwa kweli tupu.

Wiki ya nane ni wiki ya mgeni. Mhadhiri hutoka chuoni, humkagua mwanafunzi, hujaza fomu na kuondoka. Fomu ikisema amefaulu, mwanafunzi anaingia mwaka wa mwisho. Ikisema hajafaulu, anarudia mwaka mzima, na Mama Injinia atafute jina jingine la kujiita.

Injinia alikuwa na utaratibu wake wa kumpokea mgeni huyo, nao aliuonea fahari. Kituo kilikuwa na pampu mbili. Asubuhi ya ukaguzi, pampu moja nzima, isiyo na kasoro hata chembe, inafunguliwa. Boliti zinapangwa juu ya gunia, mwanafunzi anawekwa katikati akiwa na spana mkononi, na mhadhiri anakuta mafunzo yamepamba moto. Akishaondoka, mafundi wanaifunga. Pampu ya pili inaendelea kusukuma maji, mji haujui lolote, na kila mtu anafaulu. Sijui ni nani mwingine duniani anayempasua mtu mzima wa afya ili wageni waone kuna daktari.

"Bosi, mwaka huu tusifungue," Mama Spana alimwambia asubuhi hiyo. "Namba moja inalalamika. Beringi imeanza kuunguruma."

"Inalalamika kwa nani? Mimi mezani kwangu sijaona barua."

Namba mbili ikafunguliwa. Mafundi wakaivua kifuniko, wakaitenga na mota yake, na kwa kunogesha wakaisogeza mota pembeni. Fotokopi akapewa spana kubwa ya kushika, siyo ya kutumia. Saa nne na dakika kumi namba moja ikapiga mluzi mrefu, ikatoa moshi kidogo, ikazima.

Tangi la juu lilikuwa na maji ya kutosha kwa saa mbili tu. Kutoka kwenye tangi hilo ilikunywa hospitali, shule tatu na nusu ya mji. Injinia akachungulia shimoni, akaitazama pampu iliyokufa, akaitazama na iliyopasuliwa kwa amri yake.

"Zote mbili?" akauliza, kwa sauti ya mtu aliyesalitiwa. Kisha akakumbuka kwamba ana simu muhimu ya kupiga, akapanda zake ofisini.

"Mwanangu," Mama Spana akasema, "weka chini hilo dubwana ulilopewa. Chukua spana inayoingia."

Wakafanya kazi. Kifuniko kikarudi, gasketi mpya ya kuzuia maji yasivuje ikakatwa, mota ikasukumwa mahali pake. Nafasi chini ya mota ilikuwa finyu na mikono ya mafundi ilikuwa minene, kwa hiyo aliyelala ubavu kwenye sakafu yenye maji alikuwa Fotokopi, kwa ovaroli ya kuazima, grisi mpaka kwenye kiwiko. Aliogopa. Lakini tangu afike pale hakuna aliyewahi kumhitaji kiasi hicho, na jambo hilo lilimpa raha ambayo hakuwa na wakati wa kuionea haya.

Saa tano na nusu viatu vinavyong'aa vikasimama juu ya ngazi. Alikuwa mhadhiri, fomu mkononi.

"Fundi," akasema, akimtazama Fotokopi moja kwa moja. "Mwanafunzi wangu yuko wapi?"

"Ni mimi, mwalimu. Shikamoo."

Mhadhiri akamkagua kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake. "Marahaba. Panda ofisini tujaze fomu, nina vituo vinne leo."

"Naomba unisamehe, mwalimu, siwezi kupanda. Nikiachia hapa, mota itakaa vibaya."

Mhadhiri akashusha pumzi, akafungua kalamu huko huko juu. "Haya. Swali la kwanza. Eleza hatua za kulinganisha mota na pampu ili zikae mstari mmoja."

"Ndizo hizi, mwalimu. Tazama."

"Siwezi kuandika 'tazama'. Kisanduku kinataka maelezo."

"Basi kwanza natafuta mguu unaodanganya."

"Unaofanya nini?"

"Mota ina miguu minne, mwalimu, na mara nyingi mmoja haugusi chini sawasawa, kama meza ya kibanda cha chai. Ukikaza boliti zote kabla hujaujua, unaipinda mota. Itazunguka vizuri wiki mbili tatu, halafu beringi zinakufa na hakuna anayejua kwa nini."

Mhadhiri akafunua karatasi zake. "Maelezo yangu ya darasani yanasema hatua ya kwanza ni kukaza boliti zote."

"Ndiyo, mwalimu. Niliandika hivyo kwenye mtihani nikapata alama zote."

Mafundi wawili wakashikwa na kikohozi kwa pamoja. Fotokopi akachomeka kipande chembamba cha bati chini ya mguu wa nne, akapima kwa kidole, akaongeza kingine, ndipo akakaza. Akapima shafti mbili, ya mota na ya pampu, juu na pembeni, akafunga kiungo cha kuziunganisha, akatambaa kutoka.

"Washa, mama."

Namba mbili ikanguruma, ikatulia. Mama Spana akaweka kiganja juu ya mota, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu. "Iko sawa," akasema. Maji yakasikika yakipanda bombani. Fotokopi alifurahi mpaka akataka kulia.

Tusimnyime mhadhiri haki yake: alikuwa ameshuka ngazi mbili ili aone vizuri, na kiatu kimoja kilikuwa kimelowa bila yeye kugundua. Alikuwa anaandika kwa kasi. Hatari ilipokwisha pita, injinia naye akatokea, simu yake muhimu imekamilika, kofia ngumu kichwani.

"Umejionea, Daktari," akasema. "Hivi ndivyo tunavyowafundisha hapa kwetu."

"Nimeona, nimefurahi sana. Limebaki jambo moja." Mhadhiri akasoma: "'Msimamizi aliyemfundisha mwanafunzi moja kwa moja. Lazima awe mhandisi aliyesajiliwa. Pasipo hivyo mafunzo hayatahesabiwa.'" Akamgeukia Fotokopi. "Haya ya mguu unaodanganya, nani amekufundisha? Ni injinia?"

Injinia alikuwa ameshatoa kalamu. Mama Spana alikuwa hatua mbili nyuma, akifuta spana moja moja kwa kitambaa na kuzirudisha kwenye sanduku. Hakuinua uso. Fotokopi aliuona mwaka mzima wa kurudia, akamwona mama yake amesimama mlangoni na mwiko. Ukweli ulikuwa maneno mawili tu, na mwenye maneno hayo alikuwa pale pale, ananukia grisi.

"Ndiyo," akasema. "Ni injinia."

Hakuna aliyeshtuka. Injinia akaweka sahihi yenye mikia, akagonga muhuri. Kisanduku cha mwisho kilikuwa cha uadilifu wa mwanafunzi, na mhadhiri akaandika humo "bora sana", akampa mkono injinia, akaondoka na kiatu chake kilicholowa.

Wengine walipopanda juu, Fotokopi alibaki. Machozi ya aibu yalikuwa yameanza kumtoka.

"Mama, nisamehe."

"Kwa lipi? Ulitaka urudie mwaka kwa ajili yangu?"

"Ningeweza kusema ukweli."

"Ungeweza," Mama Spana akakubali, bila ukali. Akafuta spana nyingine. "Nimewafundisha kumi na mmoja humu shimoni. Wote wameulizwa swali hilo, na wote wamejibu kama ulivyojibu."

"Wote?"

Mama Spana akainua kidevu kuelekea ofisini. "Huyo aliyekuwekea sahihi alikuwa wa tatu. Tena alilia kuliko wewe. Akanishika mikono yote miwili, akaniapia kwamba akishakuwa injinia atarudi hapa, anipe cheo changu na cheti changu, kila mtu ajue ni nani aliyemfundisha."

"Akarudi?"

"Si unamwona yuko juu?"

Fotokopi alikuwa ameshafungua mdomo, na ahadi aliyokuwa nayo ulimini ilikuwa hiyo hiyo, neno kwa neno. Akaimeza. Mama Spana akamsogezea sanduku la spana kwa mguu na kumwambia waanze na boliti za namba moja, maana beringi bado haijabadilishwa.