Akina Trnavac Waja Kula Sikukuu

Hapa Ivanjica hakuna kifua kinachofunga siri kama changu. Ukiniambia jambo, umelizika. Hata mimi mwenyewe nitahitaji jembe kulifukua. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanitazama vibaya huko mbele.

Jumapili ile ilikuwa Novemba kumi na sita, sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yetu, na Baba Mkubwa Vidoje alikuwa amesimama tangu asubuhi. Siku hiyo mwenye nyumba haketi. Humimina, hukata nyama, huondoa sahani. Wala hamwaliki mtu: aliyezoea kuja huja, na anayekuja hafukuzwi. Ilipofika saa mbili kasorobo usiku tulikuwa kumi na wawili mezani, na Mama Mkubwa Rosanda akawasha televisheni.

"Hata siku ya mtakatifu, Rosanda?" Baba Mkubwa akasema.

"Mtakatifu naye acheke kidogo."

Kilikuwa kinaanza kichekesho cha *Kwa Akina Trnavac*, ambacho kilikuwa kimeupasua mji tangu Septemba. Waliokipenda walisema hiyo ndiyo familia ya Kiserbia hasa, na asiyecheka ana lake jambo. Wasiokipenda walisema watu wa televisheni wa Belgrade wanatuvua nguo kisha wanatuuzia tiketi. Kinyozi aliweka viti viwili, kimoja cha kila upande, na ukikosea kiti ulitoka na sharubu nusu. Padri alipoulizwa alisema hana televisheni, kisha akakosoa kipindi cha tatu.

Ugomvi wote ulimhusu Gojko, baba wa familia ile. Gojko ameachishwa kazi kiwandani na hajamwambia mkewe. Kila asubuhi anachukua mfuko wake wa chakula, anaaga, anakwenda kukaa stesheni ya mabasi hadi saa tisa alasiri. Akirudi nyumbani analalamika juu ya bosi.

Mama Mkubwa alikuwa mpenzi namba moja wa kipindi. "Mwanamke gani huyo hajui mumewe anashinda wapi?" alikuwa akisema huku akifuta machozi ya kicheko. "Bata mzinga yule!"

Baba Mkubwa alikichukia kipindi kile kuliko mtu yeyote Ivanjica, na hakuwahi kutoa sababu.

Sababu niliijua mimi peke yangu. Mwezi Machi nilitoroka shule nikamkuta stesheni, kwenye benchi la mwisho, na mfuko mapajani. Kiwanda cha milango kilikuwa kimemwondoa wiki sita nyuma. Alilia kidogo, akanigawia mkate wake, akasema, "Strahinja, mwanangu, Mama yako Mkubwa asijue. Akijua, mlango ule sitaweza kuuingia tena." Nikaapa. Nani aliwafikishia habari wale wa Belgrade, Mungu ndiye ajuaye. Mimi nilimshuku mkata tiketi wa stesheni, ana macho ya umbea.

Basi, kwenye televisheni Gojko alimbusu mkewe, akachukua mfuko, akafungua mlango wa nyumba yao. Wakati huohuo ukafunguka wetu, akaingia Gojko mwenyewe. Nyuma yake mkewe, na nyuma ya mkewe mama mzazi wa Gojko, Bibi Perunika, na soksi zake za sufu. Kwenye kioo cha televisheni likabaki jiko tupu, na kile kicheko cha kubandikwa, cha watu wasioonekana, kikiendelea.

"Heri ya sikukuu, mwenyeji," Gojko akasema.

"Heri kwetu sote," Baba Mkubwa akajibu, maana ndivyo inavyojibiwa, akawasogezea bakuli la ngano tamu ya kuchemsha, ambayo mgeni huonja kabla ya kuketi. Kila mmoja alipiga ishara ya msalaba, akala kijiko kimoja, akatumbukiza kijiko kichafu kwenye glasi ya maji.

"Angalau wamelelewa," akanong'ona jirani yetu mmoja, mpinzani mkubwa wa kipindi, akawapisha kwenye benchi.

Wakaketi. Baba Mkubwa akabaki wima, akimmiminia Gojko rakija, pombe yetu kali ya matunda, akimkatia Gojko nguruwe wa kuchoma, akimwondolea Gojko mifupa.

"Kaka Gojko," Mama Mkubwa akasema, raha imemjaa, "hebu tuoneshe huo mfuko. Wiki tisa nataka kujua unakula nini pale stesheni!"

Gojko alimtazama Baba Mkubwa, lakini mgeni hamkatalii mama wa nyumba. Akafungua. Mlikuwa na mkate, nyama iliyokaushwa na pilipili ya siki, vyote vimefungwa katika kitambaa chenye jogoo mwekundu wa kudarizi, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Jogoo yule Mama Mkubwa alimdarizi mwenyewe, enzi za uchumba.

Aligusa ule mguu mfupi kwa kidole. Kisha akakunja kitambaa, akakirudisha mfukoni, akasema kabichi zinapoa.

Saa tatu wageni walirudi jikoni kwao, isipokuwa Bibi Perunika, aliyesema kuta za kule ni mbao tupu na miguu inamuuma. Tukamtandikia sebuleni. Mjini, wapenzi walisema kipindi cha jiko tupu kimezidi vyote kwa uchekeshaji. Wapinzani walisema ndicho cha kwanza kisicho na matusi.

Jumatatu Mama Mkubwa alifunga chakula kama kawaida, akamkabidhi mumewe mlangoni.

"Msalimie bosi," akasema.

Baba Mkubwa alisimama kidogo na ule mfuko, kisha akaenda stesheni.

Jumapili iliyofuata kipindi kilianza kwa saa yake. Humo walisema Bibi amekwenda kwenye chemchemi za maji ya moto kutibiwa miguu, naye alikuwa pale kochini akitazama nasi, akifuma soksi. Gojko akaaga, watu wasioonekana wakacheka. Mama Mkubwa hakucheka.

"Nataka kujua jambo moja tu," Baba Mkubwa akasema, bila kumtazama mtu. "Nani?"

"Mkata tiketi," nikasema upesi. "Yule mtu sikumwamini tangu mwanzo."

"Mkata tiketi gani?" Bibi Perunika akauliza, sindano zikiendelea. "Mimi nilikuwepo jikoni kwetu barua iliposomwa. Kurasa tatu. 'Nina baba mkubwa mmoja, mkimsikia mtaanguka vitini.' Na jogoo amechorwa pembeni, wasije wakakosea mguu." Akahesabu vitanzi, kisha akanigeukia. "Na pale anapolia, mjukuu wangu, uliandika: hapa wekeni kicheko."